Tuliwaambia Wakae Ndani, Wakakaa

Khutba ya Ijumaa iliyopita niliisikia nikiwa jikoni, maana kipaza sauti cha msikiti kinaelekea dirishani kwetu. Sheikh alikuwa akieleza kwa nini vijana wa siku hizi hawasikii la mkubwa, na sababu aliyoipata ni moja: gemu. Ati mambo yaliharibika mwaka wa korona, wazazi walipowaachia watoto simu na PlayStation kutoka asubuhi mpaka usiku wa manane. Gemu ikawafunza ukaidi, ikawaondolea hamu ya kusoma, ikawatoa msikitini. Kufika magharibi, maneno hayo yalikuwa yamekwisha zunguka kwenye simu za kina mama wa mtaa mzima, kila mmoja akiongeza "kweli kabisa".

Si kweli. Nimeyasikia hayo kwa walimu, kwa watangazaji wa redio, kwa wazazi wenzangu kwenye mikutano ya shule, na kila nikiyasikia hasira hunipanda upya, kwa sababu anayesingiziwa ni mtoto aliyefanya kile alichoamriwa. Tuliwaambia wakae ndani. Wakakaa. Leo twawahukumu kwa kitu kilichowawezesha kukaa.

Watu wazima tuna wepesi wa kusahau tuliyowafanyia watoto, kwa hivyo hebu tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akazifunga shule. Madrasa zikafungwa, misikiti ikafungwa, fuo za umma zikafungwa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo, kabla hata saa yenyewe haijafika, polisi waliwarushia gesi ya machozi na kuwapiga virungu watu waliokuwa wakingoja feri pale Likoni, Mombasa, ili wawahi makwao. Siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu hiyo. Hiyo ndiyo nje ambayo twaambiwa gemu iliwanyima watoto wetu. Mimi ni mama wa wavulana wawili na msichana mmoja. Mwezi ule sikuwa na dua nyingine ila wasitoke mlangoni.

Sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa tulifungiwa mara mbili: kwanza pamoja na Mombasa nzima, kisha mtaa wetu peke yake. Mei 6 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba hakuna kuingia Mji wa Kale wala kutoka, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa ni katikati ya Ramadhani. Siku 15 za mwanzo zilipokwisha, zikaongezwa mpaka Juni, hata Idi ikatukuta humo humo, bila swala ya uwanjani, bila bembea za uwanja wa Makadara. Anayezijua nyumba zetu anaelewa maana yake: ngazi moja, familia kadhaa, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, na mtoto akikimbia juu, vumbi la dari lamwangukia aliye chini. Humo ndimo mvulana wa miaka 12 alipotakiwa atulie, asipige mpira, asikae barazani, asimtembelee rafiki yake wa nyumba ya pili. Akatulia. Mwulize alitulia kwa nini.

Sheikh wangu, kwa heshima zote, hili la gemu kuwatoa watoto msikitini silipitishi. Misikiti ilipofunguliwa tena Julai 2020, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58. Mwanangu alioga, akavaa kanzu yake ya Idi ambayo hakuwa ameivaa popote, akaenda, akarudishwa mlangoni. Wazee wa msikiti hawakuwa na budi, na siwalaumu. Ila aliyerudishwa mlangoni na watu wazima asiambiwe leo kwamba alitolewa na PlayStation.

Na shule je? Julai ile ile Waziri wa Elimu, George Magoha, alisema mwaka wa masomo umekwisha, ungeanza upya 2021. Oktoba wakarudi wanafunzi wa madarasa matatu tu. Waliobaki walirudi Januari 4, 2021. Kulikuwa na masomo kwenye redio na televisheni, naam, na nyumba yenye televisheni moja na watoto watatu wa madarasa matatu mbalimbali ikaambiwa ijipange. Wenye walimu wa Zoom walihitaji bando, na bando ilishindana na unga. Hamu ya kusoma haikuibwa na mtu. Walioifunga shule kwa zaidi ya miezi tisa wasishangae mtoto aliporudi akiwa hajui alipoachia.

Nataka nieleze gemu yenyewe ilifanya nini nyumbani kwangu, kwa sababu wanaoilaani mara nyingi hawajawahi kukaa karibu nayo. Ilikuwa PlayStation kuukuu ambayo ndugu yangu aliyeko Muscat alimpa mtu atuletee, ikatufikia kabla ndege za nje hazijasimamishwa mwishoni mwa Machi. Padi mbili, moja kitufe chake chakwama. Wanangu walichana karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake wakaandika ratiba: nani aanze, nani amfuate, mechi moja ya FIFA kisha kupisha. Chini yake msichana wangu akaongeza sheria yake kwa kalamu nyekundu: anayefungwa ndiye anayeteka maji.

Maji Mombasa ni habari nyingine, nami siwezi kuipita kimya. Nchi nzima ilikuwa ikihimizwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20 kila mara, na mifereji yetu ilikuwa imekauka. Tulinunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi wa lita 20, katika miezi ambayo mshahara wa mwenzangu ulikatwa na vibarua vikakosekana. Hadi leo sijasikia khutba hata moja juu ya mifereji ile. Basi mitungi hiyo ilipanda ngazi mikononi mwa aliyefungwa. Aliyeshindwa kwa mabao matatu aliongezewa vyombo vya futari. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekuja kwangu kushtaki, kwa kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani na hilo walilijua wenyewe. Nilikuwa nimehangaika miaka na watoto hao juu ya kuteka maji na kuosha vyombo. Gemu iliipata njia.

Waliokuwa hawaishi kero ni wakubwa. Tulikuwa na ami yake mume wangu, aliyekuja kutoka Lamu kwa matibabu na kukwama kwetu, maana Aprili 8 hadi mapema Julai hapakuwa na kutoka wala kuingia Mombasa. Namheshimu mzee huyo. Lakini alikuwa akiamka alfajiri na kufungua sauti za WhatsApp kwa ukomo wa spika, moja baada ya nyingine: dawa ya limau na tangawizi, dawa ya kujifukiza, ule uvumi wa mtoto mchanga aliyezaliwa akanena kwamba tunywe chai ya rangi kabla hakujapambazuka. Rimoti haikutoka mkononi mwake, na alasiri nzima ilikuwa hesabu za maambukizi za Wizara ya Afya, kisha hesabu hizo hizo kwenye idhaa ya pili. Watoto walilala na hofu kwa sababu ya hesabu zile. Msichana wangu aliacha kula vizuri wiki nzima baada ya kuona majeneza ya Italia. Kilichomrudisha ni ndugu zake kumwita chumbani wakamwekea mechi. Na mzee huyo huyo, baada ya tarawehe ya nyumbani, alikuwa akishika zamu yake ya ludo kwenye simu ya mwanangu, wala hakukubali kuinuka akiwa ameshindwa. Mwaka jana alinipigia kuniambia gemu ndizo zilizoharibu kizazi hiki.

Wanaume wa maskani nao wana maneno. Ligi za mpira ziliposimama duniani Machi 2020, waliokuwa wakibeti walihamia ligi ya Belarus, ambako mpira uliendelea kuchezwa, na timu ambazo hawakuwa wakizijua jana zikawa ndizo roho zao. Wengine wakabeti mechi za kompyuta, mechi ambazo hazina mchezaji hata mmoja, picha tupu zinazoendeshwa na mashine ya kampuni inayochukua pesa zao. Mtu mzima atia pesa ya chakula cha wanawe kwenye mechi isiyochezwa na yeyote, kisha ageuke amwambie mwanangu, anayecheza bure na dada yake, kwamba gemu itampotezea akili. Na dama na karata hazikukoma pale barazani, barakoa zikiwa kidevuni, mpaka gari la polisi litokeze pembeni. Mtoto aliambiwa akae ndani akakaa. Wao waliambiwa wakae ndani wakakaa barazani.

Yuko mzazi mmoja, kwenye mkutano wa shule, aliyesimama kwa kujiamini akasema gemu za bunduki ndizo zilizozaa magenge ya vijana wa mapanga. Watu wakapiga makofi. Nilitamani kulia. Magenge ya Wakali Kwanza na Wakali Wao yalikuwa yakitisha Kisauni miaka kabla ya korona, na vijana hao hawakutoka kwenye vyumba vyenye PlayStation. Walitoka mitaani, usiku, wakiwa hawana kazi, na mara nyingi na mwanasiasa aliyewalipa wakati wa kampeni. Genge huanzia nje. Mtoto aliyekuwa sebuleni akibishana na ndugu yake juu ya penalti alikuwa mbali na genge kadiri mtoto anavyoweza kuwa mbali. Wasichana vilevile: Juni 2020 nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya mimba za wanafunzi. Hakuna aliyepewa mimba na Candy Crush.

Kisha wanakuja wenye elimu kidogo na kutaja Shirika la Afya Duniani, WHO, kwamba limeutambua ulevi wa gemu kuwa ugonjwa. Ni kweli, uliingizwa kwenye orodha ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019. Wangeisoma mpaka mwisho. Orodha hiyo yataka mtu awe ameshindwa kujizuia, maisha yake yameharibika, na hali hiyo kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda wa angalau miezi 12. Shule zetu hazikufungwa miezi 12. Na mwishoni mwa Machi 2020, kampuni za gemu zilipoanzisha kampeni ya kuwahimiza watu wacheze pamoja huku kila mmoja yuko kwake, WHO hiyo hiyo iliiunga mkono. Iliona jambo ambalo mama yeyote aliyefungiwa na watoto aliliona siku ya tatu: huwezi kumwambia binadamu akae ndani usimpe la kufanya.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba lawama hii, ikishazungushwa, humwangukia mama. Khatibu husema "wazazi", mwalimu husema "walezi", lakini swali linaloulizwa barazani ni moja: mama yao alikuwa wapi? Nilikuwa jikoni nikipika futari ya watu wanane kwa vyakula vya watu watano. Nilikuwa ngazini nikibishana na mwenye mkokoteni juu ya bei ya mtungi. Nilikuwa nikishona barakoa kwa vitambaa vya mito. Nilikuwa nikimwandalia mzee wetu dawa zake kwa saa, nikimwekea mume wangu meza ya kazi mahali ambapo palikuwa pa kulia chakula, nikiwanyamazisha watoto kila simu ya kazi ilipopigwa. Saa mbili ambazo wanangu walikuwa kwenye mechi zao ndizo saa pekee ambazo hakuna aliyeniita. Sioni aibu kusema hivyo, wala sioni aliye na haki ya kunitia aibu.

Na hiyo nje wanayotaka watoto warudi, iko wapi? Viwanja tulivyochezea sisi vimezungushiwa mabati usiku, asubuhi vikawa na mwenyewe. Wanaovimega wanajulikana kwa majina na hakuna mimbari inayowataja. Kushambulia gemu ni rahisi, kwa kuwa gemu haina wakili na haichangii ujenzi wa msikiti.

Wiki hii shule ya mwanangu mdogo imetuletea fomu. Mzazi atie sahihi kwamba nyumbani hapatakuwa na gemu ya aina yoyote likizo nzima, na sababu iliyoandikwa ni athari za kipindi cha korona. Kijana huyo wakati wa korona hata kusoma alikuwa hajaanza. Alikuwa akishika padi isiyochomekwa popote na kufurahi. Shule hiyo hiyo ina chumba kilichoandikwa Maktaba mlangoni, nacho hutiwa kufuli siku wanafunzi wanapofunga, kikafunguliwa siku wanapofungua. Fomu nimeirudisha bila sahihi. Nyuma yake nimeandika kwamba niko tayari kukaa kwenye maktaba hiyo asubuhi zote za likizo, bila malipo, nikiwasimamia watoto, bora tu wanipe ufunguo.