Tazkia: Mwombe Mwalimu Anayekujua

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, madrasa yetu hujaa wanaotafuta barua. Vyuo vingi vya hapa nchini huangalia zaidi matokeo ya mtihani. Lakini anayeomba Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hutakiwa awe na tazkia, yaani barua ya taasisi ya Kiislamu au ya watu wawili wenye elimu wanaomshuhudia.

Hapo vijana wetu hutafuta jina kubwa. Mmoja alipanda basi kutoka Katoro hadi Shinyanga mjini kumfuata sheikh aliyemsikia mara moja tu kwenye Maulidi, akamwacha ustadhi aliyemsomesha miaka minne. Barua aliipata. Ilikuwa ya mistari mitatu: jina lake, kwamba ni Muislamu, na kwamba asaidiwe.

Tazkia ni ushahidi. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamuuliza: je, ni jirani yake? Amewahi kufanya naye biashara ya fedha? Amesafiri naye? Kote akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui, na yule aliyesifiwa akatakiwa alete anayemjua. Hata wanunuzi wa dhahabu hapa kwetu hawalipi kwa sifa za mtu, hupima wenyewe.

Nasi walimu hatujasalimika. Mzazi mmoja, aliyetuchangia mabati ya paa, alitaka tuandike kuwa mwanawe amehifadhi juzuu kumi. Tulijua ameishia ya tatu. Tukaona haya, tukaandika. Kwenye usaili kijana akaambiwa asome, akakwama. Baada ya hapo barua zetu zikatiliwa shaka, hata ile ya mwenzake aliyehifadhi kweli, na aliyeumia zaidi ni huyo asiye na kosa. Tunamwomba Allah atusamehe, na kijana huyo pia atusamehe.

Tangu siku hiyo tunaandika tunachokijua tu, na wazazi wasitukasirikie. Wala msidhani tunamtaka asiyekosa darasa hata siku moja. Tunaye aliyekuwa akienda kwenye makarasha kila Jumamosi kuponda mawe ili mama yake na wadogo zake wale, na Jumapili baada ya Alasiri huja kusoma kilichompita, bila kuitwa. Hayo sheikh wa mbali hawezi kuyaandika. Sisi tutayaandika yote.

Wanaokusudia kuomba mwaka huu waje mapema, si siku tatu kabla ya mwisho wa maombi. Daftari la mahudhurio lipo. Tutalitazama pamoja kabla ya kushika kalamu.

Wabillahi tawfiiq.