Amri ya kuzima mtandao isiwe siri

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima na ikachukua siku kadhaa kurejea. Uganda ilikuwa imefanya hivyo hivyo Januari 2021, na wiki hiyo hiyo ikaifungia Facebook. Gazeti hili linauliza: nani alitia saini? Kwa kifungu gani cha sheria? Hadi lini?

Maswali haya si madogo. Januari 2019 Zimbabwe ilikata intaneti wakati wa maandamano ya kupinga kupanda kwa bei ya mafuta. Kampuni ya simu ya Econet iliwaeleza wateja wake kwamba imeamriwa, tena ikamtaja mwamrishaji: Waziri wa Nchi anayeshughulikia Usalama wa Taifa. Walioumia wakajua wa kumshtaki. Ndani ya wiki moja Mahakama Kuu ikatamka kwamba waziri huyo hakuwa na mamlaka hayo. Kampuni zetu zinazojitetea kwa masharti ya leseni zijibu: kwa nini mteja anayelipia bando asiambiwe nani amemkatia?

India nayo ilikata mawasiliano Kashmir mwezi Agosti 2019. Mhariri Anuradha Bhasin wa gazeti la Kashmir Times alikwenda Mahakama ya Juu, na serikali haikuwawekea majaji mezani amri zake zote. Januari 10, 2020 mahakama ikaagiza amri za namna hiyo zitangazwe, zipate kupingwa, na ikakataza kuzima mtandao bila ukomo. Utekelezaji ulisuasua mno. Intaneti ya 4G ilirejea Kashmir yote Februari 2021. Hata hivyo, raia alishapata hukumu ya kushikilia.

Hatubezi hoja ya usalama. Uchochezi wa mauaji upo mtandaoni na lazima udhibitiwe. Lakini anayemfungia mchochezi kwa haki hana sababu ya kuficha saini yake, na hana haki ya kumfungia pamoja naye mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza kwa WhatsApp.

Bunge libadili sheria. Kila amri ya kufunga au kuzima itangazwe siku inapotolewa, ikiwa na jina la aliyeitoa, kifungu, sababu na tarehe ya mwisho, na ifikishwe kwa jaji ndani ya saa 48. Isiyotimiza hayo iwe batili, na kampuni ya simu isiadhibiwe kwa kukataa kuitii.