Sifa za Kaburini Hazilishi Watoto

Ndugu wanachama,

Kila tunapomzika mfanya kazi, maneno ni yale yale: marehemu alikuwa mchapa kazi, aliipenda jamaa yake, hakuwa na ugomvi na mtu. Ni maneno mema, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini nasema hayatoshi. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote haachi sifa tu. Anaacha na haki yake, nayo yapasa ifike nyumbani kwake.

Tumtazame mzee wetu wa gengi, mtu wa Kitengela, tuliyemzika mwaka huu. Wiki nzima alishika sururu na mtalimbo upande wa Kajiado, akishindilia kokoto chini ya mataruma katika jua la uwanda wa Kaputiei. Jumamosi alirudi bomani, na Jumapili hakukaa bure: alitengeneza ua wa mbuzi, akateka maji, akawakagua ng'ombe mmoja mmoja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, baba yake alipata sehemu. Wengi waliuza viwanja, pesa zikaisha, na leo wamezungukwa na nyumba za kupanga. Yeye hakuuza. Alisema shamba ni mshahara wa wajukuu. Ukame wa mwaka 2009 ulimmalizia ng'ombe karibu wote. Akaanza tena na mbuzi. Ukame wa 2022 ukaja, akaanza tena mara ya pili. Karo za watoto hazikukoma, maana zilitoka katika mshahara.

Basi alipofariki, mama watoto alikwenda kwa kontrakta aliyemwajiri mzee miaka yake ya mwisho. Akajibiwa kwamba marehemu alikuwa kibarua tu, na jina lake halimo kitabuni. Fedha za NSSF za miaka ile hazikupelekwa. Barua ya kazi hakuna. Sisi sote twajua alifanya kazi, lakini kujua kwetu hakukuandikwa mahali.

Ndugu, neno hili "kibarua tu" lisitutishe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo hata siku zake zikafika mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi. Tena, kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika kortini naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye, si mjane. Na mfanya kazi akifa, warithi wake wa kisheria wakileta uthibitisho, walipwe mshahara wake uliobaki kabla siku 30 hazijapita. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka miaka 3 tu ya kufungua madai ya kazi. Ukipita muda huo katika matanga na kuoneana haya, haki imekwenda.

Najua wako wanaosema: chama ni cha wenye kazi ya kudumu, vibarua wajitafutie. Nawauliza, je, garimoshi likipita juu ya taruma, hujua kama limewekwa na kibarua au na mwenye namba? Tukimwacha kibarua leo, kesho tajiri atatugeuza sisi sote vibarua, maana ameona ni rahisi.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila tawi liwe na kitabu kimoja. Kiandikwe jina la mtu, tarehe aliyoanza kazi, mwajiri wake, namba yake ya NSSF, na majina ya mke na watoto. Kila mtu aulize NSSF mara moja kwa mwaka kama fedha zake zimepelekwa, angali hai na ana nguvu ya kudai. Karatasi za mshahara zisitupwe. Mama wa nyumbani ajue zilipo. Na katibu wa tawi afuatane na mjane wa mzee wetu mpaka kwa ofisa wa kazi, muda ungali upo.

Mzee alianza tena mara mbili bila kumlaumu mtu. Tusimwache mkewe aanze mara ya tatu peke yake.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli