Wateja wa Fundi wa Kuezeka
Kwamba matangazo humletea fundi wateja, sipingi. Lakini huku kwetu Tanga, ambako hewa ya chumvi hula bati kabla ya wakati wake, fundi wa kuezeka hujipatia wateja kwa uaminifu zaidi kuliko kwa mabango. Yule aandikaye waziwazi katika makadirio kwamba bati ni la geji 28, wala si 30 iliyo nyembamba zaidi, akapigilia misumari mgongoni mwa bati, si bondeni yapitapo maji, kisha masika yakishika akarejea bila ya kuitwa, akapanda kukagua kofia na mifereji, fundi huyo, jirani humngojea pale pale chini ya ngazi. Na malipo ya awali, tafadhalini, yasizidi thamani ya mbao na mabati!