Kabla ya kupiga picha na jezi ya chuo cha Marekani, soma mkataba

Kama uko kwenye kundi lolote la WhatsApp la watu wa vikapu, picha hii umeiona. Kijana mrefu, tabasamu hadi masikioni, jezi ya chuo cha Marekani kifuani, na chini yake maneno ya kumshukuru Mungu, mama na kocha. Sisi wengine tunajaza emoji za moto na kuandika, "Usitusahau ukifika."

Hata mimi huandika hivyo. Lakini siku hizi, nikimaliza kupongeza, namtumia mhusika ujumbe mwingine kando: umesoma karatasi uliyotia sahihi?

Nauliza kwa sababu mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani umebadilika sana tangu 2021. Pesa zimeingia waziwazi na milango ya kuhama imefunguliwa. Msimamo wangu nakupa mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukijiuliza niko upande gani. Wachezaji kulipwa ni haki iliyochelewa. Kuhama ni haki pia. Lakini kanuni zilivyo leo, kijana kutoka kwetu anaweza kujaza uwanja na bado akabaki mlangoni wenzake wakila.

Tuanze na ilikotoka. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vingi huko, lilishikilia kwa miongo mingi kwamba mchezaji ni mwanafunzi tu. Atapewa karo, malazi na chakula, basi. Jina la "mwanafunzi-mwanamichezo" lilisukwa miaka ya 1950 chini ya bosi wake Walter Byers, wakati familia za wachezaji walioumia au kufa uwanjani zilikuwa zimeanza kudai fidia. Ujanja wake ni rahisi: ukiitwa mwanafunzi huwi mfanyakazi, na asiye mfanyakazi hadai fidia ya kazini. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aligeuka na kuukosoa mfumo alioujenga.

Pesa nazo zilikuwepo, tena nyingi. Mwaka wa 2016, mkataba wa kuonyesha kwenye runinga mashindano ya wanaume ya kila Machi uliongezwa miaka 8 hadi 2032, kwa dola bilioni 8.8. Miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 2014, Shabazz Napier, nyota wa chuo cha Connecticut kilichotwaa ubingwa mwezi huo, aliwaambia wanahabari kwamba kuna usiku alilala njaa. Bingwa wa taifa, tumbo tupu! Mwezi huo huo NCAA ikalegeza kanuni zake za chakula.

Hapa nitakusimulia yangu kidogo, halafu turudi Marekani. Nilicheza vikapu chuoni, hapa hapa nchini, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwaka wa pili walinipiga picha nikiruka na mpira, wakaiweka kwenye bango la kuvutia wanafunzi wapya, pale getini. Muhula huo huo nilikuwa na deni la karo. Asubuhi ya mtihani, soja wa geti alinitazama, akalitazama bango, akacheka kwa huruma. "Si huyu ni wewe?" Ndiyo, ni mimi. Lakini bila kadi ya mtihani sikuingia, na masomo yangu yaliishia hapo. Bango liliendelea kuning'inia nikiwa nimesharudi mtaani.

Sikuwa nyota, na sidai mamilioni. Ninachosema ni kwamba najua unavyohisi sura yako inapoleta watu getini nawe unazuiwa pale pale.

Ndiyo maana mambo yalipoanza kubadilika Marekani nilifurahi kana kwamba ni jirani yangu aliyeshinda kesi. Ed O'Bannon, bingwa wa 1995 akiwa na UCLA, aliishtaki NCAA mwaka wa 2009 baada ya kujiona kwenye mchezo wa video ambao hakulipwa hata senti. Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliamua katika kesi ya Alston kwamba NCAA haina kinga ya kubana marupurupu ya kimasomo ya wachezaji. Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa wachezaji wa tangu 2016, zitakazolipwa kwa miaka 10, na ruhusa kwa chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo, michezo yote ikijumlishwa.

Usizipigie hesabu upesi. Katika vyuo kadhaa vikubwa, takriban robo tatu ya hizo zinaenda kwa futiboli yao. Wanaume wa vikapu wanapata fungu dogo, wanawake dogo zaidi, na mkimbiaji wetu wa nyika anaweza kuambulia patupu.

Kisha kuna kuhama. Zamani ukihama chuo ulikaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Mwaka wa 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila kusubiri. Desemba 2023 jaji wa shirikisho huko West Virginia akaizuia NCAA kuwaadhibu waliohama mara ya pili, na Aprili 2024 mlango ukafunguliwa kabisa: hama mara ngapi utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Mwaka wa 2025 wanaume zaidi ya 2,000 wa daraja la kwanza waliandikisha majina yao kutaka kuhama. Daraja hilo lina vyuo 360 na ushei.

Mashabiki wanalalamika kwamba wachezaji siku hizi wanabadilisha vyuo kama wanaobadilisha matatu. Hawana uaminifu, wanasema. Mimi nawauliza: uaminifu wa nani? Mwaka wa 2022, Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kiliwatoa Kentucky na Purdue kikafika nane bora, jambo ambalo hakuna timu iliyopangwa nambari 15 iliwahi kufanya. Baada tu ya hapo, kocha Shaheen Holloway akaenda Seton Hall. Hakuna aliyemwambia akae benchi mwaka mmoja. Wachezaji wake kadhaa walipoondoka pia, ndipo watu wakakumbuka neno uaminifu. Kama kocha anaruhusiwa kutafuta malisho mazuri, na mchezaji aruhusiwe.

Lakini mlango wazi si sawa na kiti kilichohifadhiwa. Ukishaandikisha jina lako, chuo chako cha kwanza kinaweza kukuondolea ufadhili muhula ukiisha, na si kila anayetoka hupata pa kuingia. Masomo uliyofaulu pia huenda chuo kipya kisiyatambue yote. Ukihama mara tatu unaweza kumaliza miaka yako ya kucheza bila digrii. Mtu mwenye wazazi Ohio atarudi nyumbani kwa basi ajipange upya. Wewe viza yako imefungwa kwenye chuo. Ukikosa chuo, hesabu ya siku zako nchini humo inaanza.

Na viza ndilo jambo ambalo wakala anayekupigia simu hataki ulilete. Wanafunzi wengi wa kigeni wanaingia Marekani kwa viza ya F-1, na hiyo inabana sana kazi ya malipo. Mwenzako Mmarekani atatangaza soda na magari. Wewe ukifanya hivyo hivyo, unaweza kuhesabiwa umefanya kazi bila kibali. Hata hizi pesa mpya za moja kwa moja kutoka chuoni, hakuna sheria iliyoandikwa waziwazi kwa ajili ya mwanafunzi wa kigeni. Kila chuo kinasikiliza wanasheria wake, na wengi wanaogopa.

Mtazame Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao ukiuliza njia kwa Kiswahili utaelekezwa. Mwaka wa 2022, akiwa Kentucky, alitajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, akinyakua mipira 15 kila mechi. Ili apate pesa za matangazo bila kuhatarisha viza, ilibidi asubiri timu isafiri Bahamas mwezi Agosti, akafanya shughuli hizo huko, nje ya mipaka. Zach Edey wa Purdue, mchezaji bora wa 2023 na 2024, alibanwa vivyo hivyo, na yeye ni Mkanada, jirani wa mpakani. Kama hao wawili walizunguka hivyo, wewe unayeenda kukaa benchi mwaka wa kwanza utazungukia wapi?

Sisemi usiende. Madina Okot alitoka timu ya Chuo Kikuu cha Zetech akaenda Mississippi State mwaka wa 2024, kisha 2025 akahamia South Carolina, timu ya Dawn Staley, mojawapo ya timu kali kabisa za wanawake. Huo ndio uhuru wa kuhama ukifanya kazi vizuri. Zamani angelipia hatua hiyo kwa mwaka mzima wa kukaa kando. Nataka wengine kumi kama yeye. Nataka tu waende macho wazi.

Kwa hivyo, wewe au mdogo wako ukipigiwa simu, uliza. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Nikiumia goti Novemba, nani analipa hospitali, na karo ya mwaka ujao itakuwepo? Kocha akihama, nabaki na nini kwa maandishi? Kwa viza yangu, naruhusiwa kupokea pesa gani, na mwanasheria yupi amesema hivyo? Kodi nani atanisaidia kujaza, maana hata ufadhili wa chakula na malazi hukatwa kodi kwa mgeni? Na wakala huyu anachukua asilimia ngapi, kwa miaka mingapi? NBA ina chama cha wachezaji kinachowasajili mawakala na kuwawekea kikomo. Kwenye vyuo hakuna chama kama hicho, ndiyo maana kila mwenye simu mbili anajiita wakala.

Na kwa wakubwa wetu: shirikisho la vikapu na shule zinazotoa hawa vijana kila mwaka, mnajua kupanga picha za kuagana uwanja wa ndege. Tafuteni pia wakili mmoja wa kusoma mikataba kabla ya safari. Gharama yake haifiki hata ile ya sare mpya za timu.

Ukipata majibu yote kwa maandishi, na mama akasomewa kwa lugha anayoielewa, hapo vaa jezi, piga picha, itume kwenye kundi. Nitakuwa wa kwanza kuweka moto. Ukikosa majibu, nitumie ule mkataba kwanza. Sina digrii, lakini kusoma najua.