Ngozi ya mufanyakazi haiko chuma

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama munaofua nguo zetu za kazi,

Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kiangazi unakausha ngozi ya kila mutu hapa Katanga. Lakini sisi wa mugodi tuko na vumbi ya kobalti juu yake. Waganga wanaijua: kuna watu ambao mwili wao unaikataa, na tangu siku ile, mwasho unarudi kila wakati wanaigusa. Tena kuna asidi mu kiwanda.

Nyumbani tunaweza kujisaidia. Tuoge na maji ya vuguvugu, haiko ya moto sana, na tusikawie. Tuache kunawa mikono na mazutu ao petroli: inatoa grisi, kweli, lakini inatoa pia mafuta ya ngozi yenyewe. Sabuni kali ya kufulia, tuiachie nguo. Tukiisha kuoga, tujipanguse polepole na tupakae vaselini palepale, ngozi ingali na unyevu, sababu vaselini haileti maji, inafunga tu ile imebakia. Krimu ya kungarisha ngozi haiko dawa. Salopeti ikae inje, ifuliwe mbali na nguo za batoto.

Na kama mwasho unazidi usiku, na mu nyumba wote wanajikuna, pengine ni upele. Twende wote dispanseri, tutibiwe pamoja.

Lakini kopo ya vaselini haiwezi kufanya kazi ya mwajiri. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha kulinda afya ya mufanyakazi. Kulinda ni nini, kama hakuna bafu, hakuna sabuni, hakuna kitu cha kuvaa ku mikono?

Wengine wanatuambia: «Mwasho ni kitu kidogo, tuongee kwanza mushahara.» Sisi tunajibu: mikono yenye kupasuka haishike nyundo, na asiyeshika nyundo hana mushahara wa kuongelea. Wenye kufanya kazi ya siku moja moja njo wanaficha zaidi, wanaogopa kufukuzwa. Kwa hiyo asiseme mutu mumoja. Tuseme wote.

Kila mwenye mwasho aende kwa delege wake, na delege aandike: ni kazi gani, tangu siku gani, ku mukono ao ku shingo. Kilio cha mumoja wanakisahau. Karatasi yenye majina makumi mbili, wataijibu.