Mkesha wa Watakatifu si usiku wa wachawi



Mpendwa msomaji, kila Oktoba inapokwisha swali hili hurudi. Shule za kimataifa na baadhi ya shule binafsi za mijini huwaomba wazazi wawavishe watoto mavazi ya kutisha tarehe 31, siku iitwayo Halloween. Darasa hupambwa kwa mafuvu ya karatasi, mwalimu husoma hadithi za mizimu, na watoto hugawiwa pipi. Mzazi Mkristo hujiuliza: je, nimruhusu mwanangu?

Tuanze na jina. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, kwa hiyo chimbuko la jina ni kanisani. Katika karne ya 9 Papa Gregori IV aliieneza sikukuu ya Novemba 1, na mwishoni mwa karne ya 10 Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, akawaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote Novemba 2. Desturi za vijijini za Ireland zikajishikiza kwenye mkesha huo, zikavuka bahari na wahamiaji hadi Marekani. Huko walikuta maboga, wakayachonga nyuso. Biashara ikamalizia kazi. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba kila mtoto aliyevaa kinyago amemwabudu shetani. Hilo si kweli, nasi tunakatazwa kusema uongo hata tukiwa na nia njema.

Lakini, ndugu msomaji, mchezo huchukua maana ya mahali unapochezwa. Mtoto wa Chicago akivaa kofia ya mchawi, kwa kawaida hakuna jirani atakayeshambuliwa usiku huo. Huku kwetu Tabora, Shinyanga na Kanda ya Ziwa, neno mchawi limemwaga damu. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu huo mara nyingi umetokana na moshi wa kuni walizopikia wajukuu maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto waliuawa mkoani Njombe kwa imani za aina hiyohiyo. Sheria ya Uchawi tunayo tangu enzi za Mwingereza, na mwaka 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Sheria, hata hivyo, haiingii moyoni mwa mtoto. Kinachoingia ni hadithi.

Sasa fikiri: mwalimu anamvisha mtoto wa miaka 6 sura ya bibi kizee mwenye macho mekundu, darasa zima linapiga kelele, “Mchawi! Mchawi!” Jioni mtoto anarudi nyumbani na kumkuta bibi yake jikoni. Amefundishwa nini?

Usinielewe kwamba watoto wasisimuliwe mambo ya kutisha. Babu zetu waliwasimulia habari za zimwi, na watoto wakajikunja karibu na moto. Ila zimwi si jirani wa mtu yeyote, na mwisho wa hadithi mtoto mwerevu hunusurika. Hofu ya namna hiyo hukomaza akili. Inayoharibu ni ile inayomnyooshea kidole mtu aliye hai.

Hata kuhusu wafu tuna hadithi yetu hapahapa. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe ambalo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Mwaka uliofuata alifariki huko iliko Zambia leo. Watumishi wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaubeba mpaka Kwihara. Mwingereza Cameron, waliyemkuta hapo, alitaka uzikwe papo hapo. Wao wakakataa. Mbele kidogo njiani wenyeji waliogopa maiti isipite kwao, basi wakatengeneza mzigo wa mabua, wakaurudisha Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Aprili 1874 ulizikwa London. Watoto watasikiliza kisa hiki wametulia tuli, na watajifunza kwamba maiti ni mtu wa kuheshimiwa, na kwamba upendo una nguvu kuliko woga. Ndivyo anavyofundisha Yohane katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4.

Basi tufanye nini? Mzazi, zungumza na mwalimu kwa heshima kabla ya siku yenyewe, wala usimwaibishe mbele ya wanafunzi. Mpe pendekezo: watoto wavae kama watakatifu. Yupo Kizito, kijana mdogo aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 pamoja na Karoli Lwanga. Yupo Josefina Bakhita wa Sudan, aliyetekwa utotoni akauzwa mara kadhaa. Njia ya misafara iliyopita Kwihara ilijua machozi ya watoto kama yeye. Visa vyao vinatisha kweli, lakini haviishii gizani.

Novemba 2 wapelekeni watoto makaburini. Wang’oe magugu, wawashe mishumaa, wayataje majina ya babu na bibi zao, wasali. Mtoto aliyepalilia kaburi mchana hatasumbuliwa sana na mizimu usiku.

Na ukirudi kutoka makaburini, pitia kwa yule bibi wa mtaani anayenong’onwa. Nenda na mtoto, mkampelekee unga na sabuni, mketi naye kidogo. Mtoto akimsikia bibi huyo akicheka, atakuwa amepata somo ambalo uvumi hautaling’oa kirahisi.

Nawatakia Dominika njema.